Kufunga si Kukaza

Katika nyumba ile kufunga kulikuwa kitu kimoja na kukaza kitu kingine, na aliyevichanganya alisemwa mpaka chai yake ikapoa.

Siku hiyo aliyesemwa alikuwa mdogo wa mume wa fundi wa viti. Alikuwa amepiga magoti mlangoni mwa pikapu nyeupe, kichwa ndani, miguu nje, akirudisha kiti cha abiria ambacho shemeji yake alikuwa amekivika gozi jipya. Alitia bolti ya kwanza, akachukua soketi, akaibana mpaka mwisho. Ya pili vivyo hivyo. Alipofika ya tatu, tundu la kiti na tundu la sakafu vikakataa kukutana. Akasukuma kwa goti, akasukuma kwa bega, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyemaliza, "Hiki nimeshafunga, shemeji. Kuna bolti moja tu inaleta ukaidi."

Mama Viti aliacha cherehani. Wateja walimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake, na jina likamganda kama gundi ya sponji. Alitema pini alizokuwa amezibana midomoni, akaja kuchungulia.

"Umefunga au umekaza?"

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

"Siyo hiyo hiyo. Ungekuwa umefunga, bolti zote nne zingekuwa zimeshika kwa vidole tu, kiti kinacheza, na hiyo unayoiita kaidi ingeingia yenyewe kama mtoto wa nyumbani. Wewe umekaza mbili, sasa wenzao wanakukimbia. Legeza zote, uanze upya."

Alimweleza kama anavyoelezwa mtu mzima anayepaswa kuwa ameshajua. Kufunga ni vidole. Unatia bolti zote, kila moja inauma meno mawili matatu, basi. Kisha unasukuma kiti mbele na nyuma kwenye reli zake mpaka kulia na kushoto vinase kwa sauti moja. Hapo ndipo kukaza kunaanza: unasogeza kiti mbele ukakaza za nyuma, unakirudisha nyuma ukakaza za mbele, kidogo kidogo, hii na ile, usiimalize moja ukaiacha nyingine. Mwisho unapita na spana ya kipimo, ile inayolia "ta" ikiona inatosha. Ikilia, unaacha. Anayeongeza baada ya hapo anavunja bolti, na anayeacha kabla ya hapo anavunja mtu.

"Kwa hiyo hapa kwetu," akamaliza, "vidole vikifanya kazi unasema umefunga. Spana ikilia unasema umekaza. Usinichanganyie maneno. Gari si sufuria."

Mdogo wa mume alicheka, akalegeza, akaanza upya. Alikuwa mtu wa kucheka hata akisimangwa. Kwenye gereji aliyofanyia kazi kabla haijafungwa walimwita Tayari, maana alizoea kusema "tayari" huku gari bado limelala juu ya mawe, na jina hilo lilimtangulia kufika kwa kaka yake. Alikuja kusaidia baada ya kaka mtu, mwanamume aliyekuwa akibeba injini kifuani, kuteleza kwenye sabuni bafuni na kuvunjika mkono. Tangu hapo mume alishinda kwenye kiti cha mlangoni, mkono umefungwa plasta na kuninginizwa shingoni, akiamuru kazi asizoweza kuzigusa. Amri zilimwishia mapema, kwa hiyo muda uliobaki alimchokoza mdogo wake. Wakiwa mezani alisema, "Tayari, ajabu yako ni moja. Chakula hujawahi kukiambia tayari," na watoto walicheka, na Tayari alicheka nao, ila kijiko chake kilipunguza mwendo.

Spana ya kipimo ilikuwa mali ya mume. Ililala chini ya kitanda, imeviringishwa taulo, na kila ilipotumika ilirudishwa huko huko, kwa kuwa mume aliamini chombo kile kikiachwa nje kinasikia baridi na kusema uongo. Tayari alikwenda kuichukua, akakaza kiti cha abiria, ikalia mara nne, akairudisha chini ya kitanda kama mtu anayelaza kichanga. Mama Viti alisikia milio yote akiwa kwenye cherehani. Akaridhika. Wakati wa kula alimwongezea Tayari chakula bila kuombwa, na mumewe akaona.

Jua lilipovuka katikati, mwenye pikapu akafika na mama yake mzazi.

Alikuwa mfanyabiashara wa vioo vya madirisha, na watu walimwita Bwana Vioo. Alivaa shati lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. Aliendesha taratibu kuliko dereva wa maiti, na hakuna aliyemlaumu, kwa jinsi mzigo wake ulivyo. Vioo vya siku hiyo vilikuwa tayari mgongoni mwa pikapu, vimesimamishwa kwenye fremu ya mbao na kufungiwa mablanketi. Tangu asubuhi Mama Viti alikuwa akikemea kila aliyetaka kubamiza mlango. Bwana Vioo hakuwa mteja wa kupoteza. Akimsifu fundi, kesho yake gari tatu zinakuja. Akimkosoa, fundi anabaki akishona mito ya makochi ya majirani.

Aliomba radhi kwamba amewahi. Mwenye nyumba anayemsubiri alikuwa amempigia simu tena, na mama yake alitaka kufika kwake kabla miguu haijamvimba. Bibi huyo alikuwa ameshakaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti, akimtazama Mama Viti kwa macho ya mtu anayependa kazi za mikono. Aliuliza gozi lile linafuliwa au linafutwa. Aliambiwa linafutwa. Akasema ni zuri, mishono imenyooka, siku hizi watu wanashona kama wanafukuzwa.

Mbele ya mteja Mama Viti alikuwa na ulimi mwingine. Ulimi wa nyumbani ulikuwa wa kukata. Huu wa wateja ulikuwa wa kukunja na kupiga pasi. Na lilikuwepo neno moja ambalo hakulisema kabisa mbele yao. Ukimwambia mwenye gari "tunakaza viti", anauliza kwani vilikuwa vimelegea, nani alivilegeza, vitalegea tena lini. Ukimwambia vimefungwa, anaitikia na kuuliza funguo. Kwa hiyo alipomwona Tayari akitoka kwenye mlango wa dereva, akijifuta mikono na kuelekea ndani, alimwuliza kwa ulimi ule wa wateja.

"Shemeji, viti vimefungwa?"

Tayari hakusimama. "Vimefungwa, shemeji," akasema, akapita, akaingia ndani.

Mama Viti akatoa funguo kwenye mfuko wa aproni, akamkabidhi Bwana Vioo kwa mikono miwili.

Bibi alipandishwa. Mlango ukafungwa polepole kwa ajili ya vioo. Pikapu ikarudi nyuma, ikageuka, ikaingia barabarani, na Mama Viti akasimama akiitazama kama mzazi anayemsindikiza mtoto shule siku ya sare mpya.

Tayari alichelewa ndani kwa sababu mume, aliyekuwa ameingia kujinyoosha kitandani, hakumpa spana bila hotuba. Alimwuliza amenawa mikono. Alimwuliza kiti kinateleza vizuri kwenye reli. Alimkumbusha kwamba chombo kile kilinunuliwa kabla yeye hajaota ndevu. Ilipotoka ile taulo, Tayari aliipokea, akatoka nayo nje ameibeba kwa viganja viwili, akasimama mahali palipokuwa na pikapu. Palikuwa na tone la mafuta na alama za matairi.

"Shemeji," akasema, "gari liko wapi?"

Mama Viti alikuwa ameshakaa kwenye cherehani. Aliitazama taulo. Aliuona mpini wa spana umechungulia. Wala hakuhitaji kuelezwa, maana somo lile alilitoa mwenyewe asubuhi, neno kwa neno.

"Si umesema vimefungwa," akasema, lakini sauti ilimwishia njiani.

"Vimefungwa. Cha dereva nimekifunga. Nilikuwa naenda kuchukua hii nije nikikaze."

Mama Viti alipiga simu. Iliita mpaka ikakata. Alipiga tena. Bwana Vioo hakuwa akipokea simu akiendesha, na alikuwa akijisifia jambo hilo kwa kila mtu. Mume alitoka kwa kusikia zile sauti, mkono kifuani. Alitazama mahali pa gari, akatazama spana, akamtazama mdogo wake, na hukumu ikawa imeshaandikwa usoni kabla hajafumbua mdomo.

"Nilijua," akasema. "Nilijua jina lako litakuja kunikuta nyumbani kwangu. Tayari! Kiti cha dereva, bolti zinaning'inia kwa vidole, na mtu amepakia mama yake na vioo. Ulisema tayari, sivyo?"

"Kaka, sikusema tayari. Shemeji aliniuliza kama..."

Alimgeukia Mama Viti. Hakumtazama kwa kushitaki. Alimtazama kama mtu aliyeshika ncha moja ya kitu kizito na kumsubiri mwenzake ashike ya pili.

Mama Viti aliiona ncha ile, akaiacha. Alisema hakuna muda wa maneno, gari linateremka sasa hivi kuelekea darajani, maneno yatazungumzwa wakirudi. Yalikuwa kweli yote. Mtu anaweza kujificha hata nyuma ya kweli. Akavua aproni, akatoka mbio kutafuta pikipiki ya kukodi, na nyuma yake akasikia mumewe akimwambia mdogo wake kwamba akirudi, asirudi kuketi, achukue mzigo wake aende.

Walipanda wote wawili nyuma ya dereva wa pikipiki moja, Mama Viti katikati, Tayari mwisho, spana kwenye taulo imebanwa kati yao. Barabara ilikuwa na mashimo, na kila shimo Mama Viti alilihesabia bolti: hapa ya nyuma kulia imezunguka kidogo, hapa ya nyuma kushoto. Bolti iliyokazwa haijui kama kuna shimo. Iliyofungwa tu inajizungusha yenyewe, inatoka jino moja, inatoka la pili, kimya kimya, huku dereva anaimba.

Waliona watu kwanza, kisha vioo.

Pikapu ilikuwa imeegemea kifusi cha mchanga pembeni mwa mteremko, pua imezama. Barabara nyuma yake ilimeta kama imemwagiwa barafu. Ulitosha mkokoteni mmoja uliokatiza mbele. Bwana Vioo alikanyaga breki, na kiti kikainuka nyuma, kikamtupa mdomo kwenye usukani. Mguu ukatoka kwenye breki. Bahati yake ilikuwa kile kifusi. Sasa alikaa juu ya mchanga, shati lile la makali limelowa damu kifuani, kitambaa cha mama yake mdomoni. Jino moja lilikuwa limelegea na jingine lilikuwa kwenye kiganja chake, amelishika kama mtu aliyeombwa amtunzie mwenzake.

Bibi alikuwa mzima. Kiti chake hakikutikisika. Alisimama na fimbo yake kando ya mlango, akimwambia kila anayekuja kwamba mwanawe haendeshi kasi, hajawahi kuendesha kasi.

Watu waliwatambua wawili wale kwa ile spana. Mmoja akasema mafundi wa siku hizi wanatumia mate badala ya bolti. Mwingine akasema si mate, ni dua. Wachache wakacheka.

Bwana Vioo aliinuka. Maneno yalimtoka kwa shida kupitia kile kitambaa. "Nani alifunga kile kiti?"

Hapo Mama Viti angesema. Alikuwa ameshafungua kinywa. Lakini alivuta pumzi kwanza, pumzi moja tu, kama mtu anayeogopa maji ya baridi.

"Nilifunga mimi," akasema Tayari.

Kofi lilimpata kabla hajamaliza. Lililia kwa nguvu mpaka waliokuwa wakicheka wakaacha. Tayari aliyumba, akasimama palepale, spana amezidi kuikumbatia. Hakujitetea wala hakucheka. Mama Viti hakuwahi kuuona uso huo bila kicheko, na aligundua kwamba ulikuwa uso wa mumewe.

"Alifunga," akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Kufunga kwetu ni kushikiza kwa vidole. Alikuwa hajakaza. Alikwenda kuchukua hiyo spana aje akaze, mimi nikamwuliza vimefungwa, akanijibu ukweli, nami nikakupa funguo. Ningemwuliza vimekazwa, angesema bado. Sikutaka kusema hilo neno mbele yako."

Bwana Vioo alimgeukia. Kofi la pili hakuwa na mahali pa kulipeleka. "Ulinipa kwa mikono miwili," akasema. "Mama yangu amekaa pale, nikasema huyu mama ana adabu."

Mama Viti aliomba wampeleke kwenye zahanati, na ya vioo wazungumze. Bwana Vioo alisema njia ya zahanati anaijua, na vioo watazungumza siku akiwa na meno ya kuzungumzia. Alichotaka sasa ni kimoja: wakirudishe kiti chake, hapo hapo, mbele ya watu, yeye akitazama.

Wakakirudisha. Bolti mbili za nyuma zilipatikana chini ya zulia la miguu. Mama Viti alipiga magoti juu ya vipande vya vioo, akafagia kidogo kwa kiganja, akazitia. Tayari akaingia upande wa pili. Walifanya kazi bila kutazamana, na kwa mara ya kwanza mbele ya mteja Mama Viti alitaja kila hatua kwa jina lake, kwa sauti, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

"Nafunga."

"Funga."

"Zote zimeshika. Nasukuma mbele. Imenasa?"

"Huku imenasa."

"Nakaza nyuma."

Spana ikalia. Ikalia tena, na tena, na ya mwisho. Mama Viti alishika kiti kwa juu akakitikisa kwa nguvu zake zote. Gari zima likatikisika, kiti hakikusogea. "Kimekazwa," akasema.

Bwana Vioo alipanda, akajaribu breki gari likiwa limesimama. Kisha akamwita mama yake.

Bibi aliutazama mlango uliofunguliwa kwa ajili yake. Aliliangalia gozi lililonyooka mishono, kile kiti ambacho hakikuwa na kosa lolote, kilichokazwa asubuhi kikapita kwenye ajali bila kulia. Akatikisa kichwa. Akazunguka nyuma ya pikapu, akaomba mtu amshikie fimbo, na vijana wawili wakambeba akakaa sakafuni, pale vioo vilipokuwa, juu ya mablanketi. Alishika mti wa fremu kwa mikono miwili. Mwanawe alimsihi, akasema hapo ni hatari zaidi. Bibi alijibu kwamba hatari ya huku anaiona.

Pikapu ikaondoka polepole. Mama Viti alibaki na yule bibi machoni, ameipa mgongo kazi yake, mpaka kona ilipomficha.

Walipofika nyumbani jua lilikuwa limelala juu ya mabati. Begi la Tayari lilikuwa kibarazani. Zipu yake ilikufa zamani, kwa hiyo lilizoea kufungwa kwa kamba, na mume, kwa mkono mmoja, alikuwa ameshindwa kulifunga. Alilitupa wazi, soksi zikining'inia nje. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake cha mlangoni.

Mama Viti alimweleza habari ya mteja na ya vioo. Mume alisikiliza, akamtazama mdogo wake, shavu lililovimba. Akasema, "Jina halimwachi mtu."

"Nilimwuliza kama viti vimefungwa," akasema Mama Viti.

Mume aliinua kichwa.

"Hivyo ndivyo nilivyomwuliza. Mbele ya mteja."

"Na yeye?"

"Akasema vimefungwa. Na vilikuwa vimefungwa."

Maneno yale mawili, la vidole na la spana, mume ndiye aliyeyaleta katika nyumba ile, alipoanza kumfundisha mkewe kazi. Aliinamia plasta yake, akaanza kuikwaruza kwa ukucha mahali palipokuwa na alama ya kalamu ya mtoto. Hakuwa mtu wa kusema samahani na hakuisema. Ila alivuta miguu yake pembeni, mlango ukabaki na nafasi ya mtu kupita.

Tayari hakuiona nafasi hiyo, au aliiona akaipuuza. Alikuwa ameinama kibarazani, akisokomeza soksi ndani, akizungusha kamba kwenye begi.

"Shemeji, mimi nimeshafunga mzigo," akasema bila kuinua uso. "Nitalala kwa rafiki yangu. Kesho nitaona."

Mama Viti alisimama juu yake. Magoti yalikuwa yakimwasha, vipande vya kioo bado vimo. Alitaka kusema mambo mengi, kuanzia lile kofi.

"Umefunga au umekaza?"

Tayari aliitazama ile kamba. Ilikuwa imepitishwa mara moja, ncha zimekunjwa moja juu ya nyingine, hazina fundo. Midomo yake ikacheza kidogo upande ule usiovimba.

"Nimefunga tu," akasema.

Mama Viti akachuchumaa, akaifungua kwa vidole.